Mhubiri Aliyerudishwa, na Kaseti Yake

Kila asubuhi Ndinda alichota maji kwenye bomba la soko la Kambu, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, akaacha ndoo moja kwenye bucha ya baba yake, kisha akakimbia shuleni. Nyuma ya bucha alimkuta Mzee Ahmednur akinoa kisu. Kisilu, baba yake Ndinda, hakukosa kanisani Jumapili hata moja, lakini mbuzi wake walichinjwa na Ahmednur, aliyekuwa Mwislamu, ili madereva wa malori ya Mombasa, Waislamu kwa Wakristo, wale bila wasiwasi. Mambo yalikuwa hivyo tangu kabla Ndinda hajazaliwa, na hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, redio ilitangaza kwamba mhubiri mmoja kutoka ng'ambo amekataliwa kuingia nchini kwa sababu mahubiri yake yaliwachochea watu kuchukiana. Wateja wa bucha waligawanyika. Mwalimu Kasyoka alisema mgeni anayekuja kugombanisha wenye nyumba arudishwe langoni. Mutie, mwenye duka na shemasi wa kanisa, hakukubali. Yeye alitaka kila mtu aachwe aseme, na akikosea ajibiwe. Kisilu aliendelea kupima nyama.

Siku chache baadaye, kaseti za mhubiri huyo zilianza kuuzwa kando ya barabara kuu, zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Mutie alinunua moja, akaifungulia dukani. Ndinda, aliyekuwa ametumwa chumvi, alisimama kusikiliza. Sauti ilikuwa tamu. Iliwaonya wasikilizaji wawachunguze majirani wao Waislamu, eti hunong'ona laana juu ya chakula cha Wakristo.

Ndinda akaanza kuchunguza, na mtu akishaamua kuchunguza hakosi la kuona. Akiwa amejibanza nyuma ya pipa la maji, alimwona Ahmednur akimgeuza mbuzi upande uleule kila siku. Aliona midomo yake ikichezacheza kabla ya kisu kushuka. Zaidi ya hayo, Kisilu alipompa bakuli la supu, Ahmednur alilirudisha bila kuonja, ilhali zamani alilimaliza lote. Ndinda aliogopa kwelikweli. Nyama ile alikuwa ameila jana yake.

Hakumwuliza mtu. Asubuhi, kwenye foleni ya bomba, alimnong'oneza rafiki yake Kalondu kwamba Mzee Ahmednur husemea nyama maneno ya siri na mwenyewe haili. Abdiya, binti ya Ahmednur, aliyekaa dawati moja na Ndinda, alikuwa nyuma kidogo na ndoo yake. Ndinda alipunguza sauti, lakini hakunyamaza.

Jioni hiyo nyama ilibaki ikining'inia buchani. Kesho yake wanawake walisogea mbali na Abdiya kwenye foleni. Halafu mtu akarusha mawe kwenye paa la nyumba yao, na Abdiya hakuja shuleni. Ndinda alipopita kwao alimkuta Ahmednur akifunga magodoro kwa kamba. Familia nzima ilikuwa inarudi Garissa, walikotoka.

Ndinda alikimbia kwa baba yake, akamweleza yote huku akilia. Kisilu hakumpiga wala kumkaripia. Alimshika mkono, wakarudi wote kwa Ahmednur.

"Muulize mwenyewe," alisema Kisilu.

Ndinda alitazama chini. "Baba Abdiya, huwa unasema nini ukichinja?"

"Namwelekeza mbuzi kibla, upande tunaoswalia, kisha nataja jina la Mungu. Uhai wa mbuzi si wangu, nitauchukua vipi nikiwa kimya? Wewe kwani husemi kitu kabla ya kula?"

"Huwa naomba."

"Kwa sauti?"

"Hapana. Nanong'ona."

Habari ya supu aliiuliza Kisilu, maana alijua binti yake hangethubutu. Ahmednur alijibu kwamba daktari amemkataza nyama kwa ajili ya presha. Mchinjaji mzima kuishi kwa sukuma wiki! Alikuwa ameona haya kusema.

Kisilu alimgeukia Ndinda. "Yule mhubiri alirudishwa kwao kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi. Hapa Kambu hajawahi kufika. Sasa niambie, ni nani aliyemfikisha bombani?"

"Ni mimi, Baba."

"Basi rudi hapohapo uliposemea."

Asubuhi Ndinda alisimama mbele ya foleni, akasema kwamba alieneza jambo asilolijua. Wengine walimcheka. Bibi mmoja, Kaluki, alisema ataenda kujionea mwenyewe. Siku hiyo Ahmednur alitaja jina la Mungu kwa sauti, wanawake wakisikia. Kaluki alinunua nyama yake, akalalamikia mifupa kama kawaida, na wengine wakamfuata. Mutie naye alikuja kuomba msamaha. Kaseti ile aliirekodi upya, akaweka kwaya ya kanisa juu ya mahubiri. Magodoro yakafunguliwa.

Jioni Ndinda alimwuliza baba yake kama serikali ilifanya vizuri kumzuia mhubiri yule.

"Vizuri sana," alijibu Kisilu. "Mtu wa kuchochea chuki hafunguliwi mlango. Lakini uwanja wa ndege una askari, mwanangu. Foleni ya bomba haina askari, ila wewe na mimi. Ukisikia neno baya juu ya mtu, nenda kwanza ukamuulize mwenyewe."

Kesho yake Abdiya alirudi kwenye foleni. Hakumsalimu Ndinda, wala hakumwekea nafasi. Ndinda alipanga ndoo yake mwisho wa mstari, kisha akaenda kumsaidia Abdiya kujitwika yake. Abdiya aliinama kidogo ili ndoo ikae vizuri kichwani.