Mifuko Miwili, Lori Moja

Nilimwona kwa macho yangu.

Kaka yangu wa tumbo moja, mkono mmoja kashika mfuko mweupe, mwingine kashika wa kijani... akaitupa yote miwili ndani ya lori moja.

Mashine ikashuka. Ikasaga. Kwisha habari.

Wapendwa, msinicheke. Mtaani wananiita Mama Mifuko. Mwaka mzima nimepita mlango kwa mlango nikifundisha watu kuchambua taka: mabaki ya chakula kwenye mfuko wa kijani, chupa na makopo kwenye mweupe. Nikawaambia hadi waoshe chupa. Na mtaa wenyewe maji hutoka mara mbili kwa wiki...

Lori hupita asubuhi, wakati mimi niko ofisini naandika ripoti. Siku ile nilitoka ofisini mapema.

"Kaka, unafanya nini?"

Akatazama kulia na kushoto.

"Si nakuuliza wewe? Lori la mifuko myeupe liko wapi?"

"Punguza sauti, mdogo wangu. Watu wanatutazama."

"Liko wapi?"

"Lilifanya kazi miezi mitatu, likaegeshwa. Kiwanda kiko mbali. Mafuta ya kufika huko yanazidi bei ya chupa zote tunazobeba. Halafu plastiki mpya imeshuka bei, hata wao hawazitaki tena hizi zilizotumika."

"Ofisini wanajua?"

"Kwani amri ya kuchanganya unadhani imetoka wapi?"



"Miezi tisa tunakula meza moja, kaka. Nakusimulia kazi yangu, unaitikia tu..."

"Ungejua ungeacha kazi. Nakujua. Na dawa za mama tunanunua kwa mshahara wa nani?"

Hapo alinikata maini. Kwa sababu ni kweli, mshahara wake huishia kwenye kodi ya nyumba.

Nikarudi ofisini moja kwa moja, hadi kwa afisa wa mazingira. Hakunifokea. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wafadhili walilipia mifuko na mishahara yenu," akasema. "Lori la pili, mafuta, mnunuzi... hayo hayakuwemo kwenye mpango."

"Basi tuwaambie watu waache kujisumbua."

"Wakiacha, mradi umekufa. Ukifa, nyie wahamasishaji kumi na wawili mnarudi nyumbani." Akanisogezea karatasi na kalamu. "Niandikie kwamba watu waambiwe waache, uweke sahihi."

Niliitazama ile kalamu. Nikafikiria wenzangu kumi na mmoja. Nikafikiria mama.

Sikuishika.

Lakini moyo haukutulia. Nikasema angalau mtu mmoja nimwambie ukweli. Nikaenda kwa bibi mshonaji, yule anayeosha kila chupa na kubandua hata karatasi zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekusawijika?"

Nikamweleza yote, hadi la kaka yangu. Nikasubiri anitimue.

Yeye akaendelea kubandua karatasi kwenye chupa.

"Tunajua," akasema.

"Mnajua nini, bibi?"

"Kwamba zinachanganywa. Dirisha langu linatazama barabarani. Mtaa mzima unajua, siku nyingi."

"Sasa mbona mnaendelea?"

Akaiweka chupa chini.

"Kaka yako alituomba. Alipita nyumba kwa nyumba, kama wewe. Akasema wakaguzi wa wafadhili wakija wakakuta hatuchambui, dada yake atakosa kazi. Alilia, hapo hapo ulipokaa."

Jamani! Nilikwenda kumwambia ukweli, kumbe ni mimi niliyekuwa nafichwa. Tena nafichwa na mtaa mzima.

Bibi akanishika bega. "Usimgombeze. Na wewe usilie."

Wapendwa, mkiletewa mradi mzuri, msiishie kuuliza jinsi ya kuchambua. Ulizeni nani atabeba, nani atanunua, na mfadhili akiondoka nani atalipa. Mimi sikuuliza. Nilipewa fulana na mifuko, nikaona dunia imeshapona.

Jumatatu niliivaa ile fulana. Nikapita mlango kwa mlango. Kila nyumba walinikaribisha vizuri.

"Mnachambua?" niliuliza.

"Tunachambua," walijibu, huku wakinitazama usoni.

Nikaandika kwenye fomu: wanachambua.