Magamba ya Jiko la Uani

Krr. Krr. Krr.

Mama Chiriku alifumbua macho gizani. Alikuwa akiota anashona pazia refu lisilo na mwisho, akadhani cherehani yake imeanza kujizungusha yenyewe. Lakini sauti ilitoka uani. Ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena.

Alinyata hadi dirishani. Alfajiri ilikuwa karibu, na mwanga wa mwezi ulikuwa umemwagika uani kama maziwa. Juu ya jiko la kuchomea nyama alikaa panya mnene. Alikuwa akiguguna mafuta yaliyoganda kwenye wavu. Aliguguna bila haraka, kama mgeni aliyealikwa.

Jiko hilo lilikuwa la mume wake, nusu ya pipa lenye miguu minne, wavu wa chuma na kifuniko. Yeye alikuwa dereva wa lori. Wiki nzima alikuwa barabarani, akirudi binti yao amelala na kuondoka kabla hajaamka. Jumapili tu ndiyo ilikuwa yao. Baba aligeuza nyama, na binti alikaa kando yake akimsimulia mambo ya wiki nzima bila kupumua. Ndiyo maana walimwita Chiriku. Mama aliwatazama kutoka kwenye cherehani yake. Moshi ulipowafunika, aliona vichwa viwili vinaelea juu ya wingu, na moyo wake ukatulia.

Asubuhi ile, Jumapili, alimweleza mume wake habari za panya. Akamwomba wakalisugue jiko. Mume alicheka. Alisema jiko la nyama halioshwi. Ule weusi ndio viungo vyenyewe, na ukiuosha unamwaga utamu wa Jumapili zote zilizopita.

Mama Chiriku naye akacheka. Lilikuwa wazo zuri, kusema kweli, kwamba Jumapili zao zote zimekaa mle ndani zikisubiri. Akaliacha lipite. Chini ya kifuniko masizi yalining'inia vipande vipande, kama magamba ya samaki. Chini ya makaa, mafuta ya zamani yalikuwa yameshikana na majivu, yakawa tope zito.

Mchana baba aliwasha moto. Nyama ikaanza kudondosha mafuta. Tope la chini likashika moto, na ndimi zikapenya juu ya wavu. Baba hakufikiri mara mbili. Alinyakua jagi la maji, akamwaga.

Moto ukanguruma. Uliruka juu kuliko kimo cha baba, ukatema cheche hadi ukutani. Mama alimvuta mtoto nyuma. Moto ulipotulia, baba alikuwa amesimama na koleo mkononi, hana nyusi, na vidole vyake vimekuwa vyekundu. Mama aliushika mkono wake, akauweka chini ya bomba. Maji yalitiririka juu yake kwa muda mrefu, mpaka ukali wa maumivu ukapungua.

Chiriku hakulia. Aliingia ndani, akafunga mlango wa uani polepole.

Jumapili iliyofuata hakutoka. Baba alikaa kwenye kizingiti cha nyuma, akamwita kwa kila jina la utani alilokuwa nalo. Mtoto alijibu kutoka chini ya meza, kwa sauti ndogo, kwamba yuko sawa hapo alipo. Iliyofuata ikawa vilevile. Baba akasema atalitupa jiko hilo. Mama alimtazama usoni. Aliona kwamba hazungumzii jiko. Alikuwa na siku moja tu ya kuwa na mwanawe, na siku hiyo ilikuwa inamponyoka.

Jioni mama alikwenda kwa jirani. Jirani huyo alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Alisikiliza yote huku akichambua mchele. Siku mbili baadaye, baba alipopata mapumziko, mpishi akaja na ndoo mbili na dodoki chini ya kwapa.

"Shemeji, nyusi umemwachia nani?" akauliza mlangoni.

Baba akajipapasa paji la uso. Akasema zimekwenda safari, zitarudi. Wakacheka wote, naye akamkaribisha uani.

Mpishi alifungua kifuniko, akabandua gamba moja, akamwekea baba kiganjani.

"Onja."

"Ah, dada."

"Si ulisema ni viungo? Onja basi."

Baba aligusisha ulimi, akakunja uso, akatema pembeni. Mpishi hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba utamu hutoka kwenye nyama, chumvi na makaa mazuri. Yale magamba ni mafuta yaliyoungua yakaungua tena. Yanaangukia chakula, yanaita panya na mende, na siku yoyote yanaweza kuwaka. Na mafuta yakiwaka hayamwagiwi maji kamwe, maana maji huchemka ghafla na kuyarusha juu. Kama unaweza kufanya hivyo bila kuungua, unafunika jiko, unaziba matundu ya hewa, unasogea mbali na kuuacha moto ufe kwa kukosa hewa. Ukiwa mkubwa, unatoa watu na kuita msaada.

"Basi mimi niliulisha moto," baba akasema.

"Ulikuwa hujui. Sasa unajua. Kunja mikono ya shati."

Kwanza mpishi alihakikisha jiko ni baridi kabisa, hata katikati ya majivu. Wakavaa glavu, wakafunga vitambaa puani. Majivu wakayachota kwenye ndoo ya bati, si ya plastiki, kwa sababu kaa moja linaweza kujificha likiwa hai. Wavu wakauzamisha katika maji ya moto yenye sabuni na magadi kidogo ya jikoni. Wakauacha humo ulainike.

Baba alileta brashi yake ya waya. Mpishi aliipitisha kwenye kitambaa cheupe cha mama, na sindano nyembamba za waya zikabaki hapo zikimetameta. Akasema sindano kama hizo hunasa kwenye nyama, kisha hunasa kooni. Brashi ikaenda kwenye taka.

Badala yake walikwangua kwa kipande cha ubao kilichochongwa bapa. Masizi ya kifuniko yalidondoka kama mvua nyeusi. Tope la chini walilitoa lote, wakalifunga, wakalitupa kwenye pipa la taka, mbali na mtaro usije ukaziba. Kisha dodoki na sabuni, ndani na nje, kona na matundu. Povu lilitoka jeusi, likawa la kijivu, mwisho likawa jeupe na kuelea uani. Baba alisugua huku akiimba bila maneno. Mama aliona chuma kikijitokeza, kama uso wa mtu anayeamka.

Walisuuza, wakakausha kwa kitambaa, wakapaka wavu mafuta ya kupikia kidogo ili usishike kutu.

"Weusi huu unaong'aa uache," mpishi akasema. "Huo ni wa chuma. Ila ukimaliza kuchoma, ngoja jiko lipoe, kwangua, toa majivu na mafuta, funika. Ukifanya hivyo kila mara, hutatuhitaji tena mimi na dodoki langu."

Jumapili ikaja. Panya hakuwa amesikika tena. Baba aliwasha moto kabla ya kuweka nyama, wavu ukapata joto vizuri. Moto ulikuwa mdogo, wa rangi ya chungwa, umetulia chini kama unasinzia. Moshi ulikuwa mwembamba na mweupe.

Mama alichukua chaki yake ya kushonea. Alichora mstari mrefu kwenye saruji, mbali na jiko, akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba ng'ambo ile ni ya watu wazima, na upande huu ni wa watoto. Hakumwita mtu.

Mlango wa uani ulifunguka kidogo. Baba aliendelea kugeuza nyama. Hakugeuka, lakini mama aliona mabega yake yamesimama, yanasikiliza. Nyayo ndogo zilikuja zikisita. Zikafika kwenye mstari. Vidole vya mguu vikajipanga sawasawa nyuma ya chaki.

"Baba, mimi nakaa hapa."