Zamu ya Mwenyewe

Ndoo ilikutwa imepinduliwa. Ndivyo balaa lilivyoanza, kwa ndoo, na msinicheke. Mama Hilma Raatikainen alikwenda kusafisha sauna, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, kama alivyofanya miaka thelathini, akaikuta ile ndoo ya maji ya uvuguvugu tunayomwachia Mwenyewe iko kifudifudi sakafuni, tupu. Kwenye benchi la juu unyevu ulikuwa umeganda ubao mzima, mweupe, isipokuwa mahali pawili. Pale pawili palikuwa pakavu, kadiri ya makalio ya watu wazima, na pamekaribiana mno.

Alinijia posta bila kofia, masikio mekundu kwa baridi.

"Martta mwanangu, jana wa mwisho kutoka saunani ni mimi. Nani kakaa pale?"

"Labda Mwenyewe kanenepa," nikamwambia.

"Shika ulimi wako! Atakusikia."

Mimi ndiye mwenye ubao wa simu hapa Lamminperä. Waya zote za kijiji hupita mkononi mwangu, na yaliyomo ndani ya waya hupita sikioni. Kazi yangu inakataza kusikiliza, nami nasikiliza. Kwa hiyo nilijua ni makalio ya nani, nikanyamaza, nikammiminia kahawa.

Kwetu Jumamosi ina zamu tatu. Saa tisa wanaoga wanaume, saa kumi na moja wanawake, na saa moja, mawe yakiwa bado na moto, mlango hufungwa na sauna huachiwa jini wake. Hatumwiti jini. Tunamwita Mwenyewe, maana sauna ilikuwa yake kabla hatujaipigilia mbao. Zamu yake haiingiliwi. Hata mlevi asiyemwogopa Mungu wala polisi hapiti karibu na mlango ule saa moja.

Hapo ndipo Eelis alipopata akili yake ya kijinga. Eelis ni mwana pekee wa Hilma, mkimbiaji wa skii wa kilomita hamsini thelujini, kifua kipana na haya kama mwari. Gazeti moja la Helsinki lilimtuma Ilmo Sarkia aje kuandika habari zake, makala moja tu. Ilmo akaja Novemba, mwembamba, miwani puani, mdomo hautulii. Kufika Krismasi alikuwa amekuja mara sita kwa makala ileile. Nyumba ya Raatikainen ina vyumba viwili, na Hilma ana usingizi wa paka. Wangekwenda wapi, wanaume wawili wanaopendana, na sheria yetu inawangoja na gereza? Palikuwa na mahali pamoja tu pasipoingiwa na mtu, na saa moja tu. Wakaiba zamu ya Mwenyewe.

Siwalaumu. Atakayewalaumu mbele yangu nitamkatia simu.

"Alikuwa ananitangazia," Eelis aliniambia baadaye, siku alipokuja kunieleza yote kwa sababu mimi nilikwisha kujua nusu. "Tumekaa gizani, ananinong'oneza sikioni kama mtangazaji wa mbio. 'Kilomita ya thelathini, Raatikainen anaongoza, nyusi zimeganda. Mwandishi wetu anamwona amechoka, kwa hiyo anambusu.'" Alicheka, kisha akaficha uso wake kwa kofia.

Katikati ya Januari, Ilmo akiwa Helsinki, zamu ya wanawake ikafika. Hilma aliingia na Bibi Loviisa, mwumishi wetu, bibi anayetoa watu damu chafu kwa pembe. Loviisa akamwaga upawa mmoja wa maji juu ya mawe. Mvuke ulipanda na harufu ya nywele zinazoungua, kisha ukasema:

"Eelis wangu, sogea."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, ya mtu anayetabasamu. Hilma akajifunika kifua kwa mikono. Loviisa, mkaidi tangu kuzaliwa, akamwaga upawa wa pili.

"Sogea bwana, usiogope. Mama yako amelala."

Hilma aliijua sauti ile. Ilikuwa imeomba mkate wake wa iliki mezani kwake, tena ikasifu. Alirudi nyumbani nywele zikidondoka maji, akamkuta Eelis anapaka nta skii zake.

"Eelis."

"Naam, Mama."

"Yule mwandishi yuko wapi leo?"

"Yuko Helsinki."

"Basi yuko na saunani kwetu pia."

Eelis akaacha kupaka. "Mama, ngoja nikueleze..."

"Usinieleze," Hilma akanong'ona. "Ukinieleza itanibidi nijue."

Kesho yake Loviisa alimkalisha Eelis jikoni, akambandika pembe sita mgongoni. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi na ya moto kuliko damu ya mtu. Loviisa akainusa, akaitemea mate.

"Mmemkalia zamu yake."

"Bibi, hatukujua kwamba..."

"Mlijua. Ndiyo maana mkaenda. Sasa hatanyamaza huyo. Kila mvuke utakaopanda atasema mliyosema, mbele ya yeyote."

"Anataka nini?"

"Jina. Aliyemwibia nafasi atajwe mle ndani, katika zamu yake, kwa kinywa cha mmoja wa wezi."

"Tulikuwa wawili, Bibi."

"Hachukui wawili. Anamchukua atakayetajwa."

"Atamfanya nini?"

"Nimeumika watu miaka hamsini, kijana. Yeye sijamuumika. Sijui."

Na muda haukuwepo. Jumamosi iliyofuata wakubwa sita wa chama cha skii walikuwa wanakuja kwa Raatikainen, waoge, wale, kisha wamtaje atakayekwenda kukimbia ugenini kwa jina la taifa. Eelis aliingoja siku ile tangu ana miaka tisa. Kumnyima mgeni sauna kwetu ni sawa na kumfungia mlango usoni, kwa hiyo sauna ingewashwa, wangekaa wale sita uchi kwa adabu kama watu waliomo kanisani, mtu angemwaga maji, na mvuke ungeita "Eelis wangu". Angepoteza timu, angepoteza uso wa mama yake, na Jumatatu yeye na Ilmo wangekuwa katika kituo cha polisi.

Jumatano akaja posta, akaingia kwenye kibanda cha simu, akaomba Helsinki. Niliunganisha.

"Huko theluji ikoje?" Eelis akauliza.

"Laini. Kwenu je?"

"Mbaya. Mbaya sana, Ilmo."

"Una nini wewe?"

Eelis akanitazama kupitia kioo cha kibanda, akaviona vyombo vya kusikilizia vimenibana masikioni.

"Njia ina watu," akasema.

"Aa. Nimeelewa. Basi nije Jumamosi tuzungumze?"

"Hapana, usije! Ilmo, ukilala funga mlango."

"Unanitisha, kaka."

"Ndiyo," Eelis akasema. "Ndiyo." Akaiweka simu chini taratibu.

Angenivua vyombo vile Mungu mwenyewe, dakika moja tu, Eelis angesema yote, na Ilmo angekuwa na neno lake katika jambo hili. Labda angepanda treni, waingie wote wawili. Labda angekimbilia ng'ambo. Sikuvivua. Nilitaka kujua, na hilo nitalijibu siku yangu.

Alhamisi wakaiwasha sauna, siku ambayo si ya sauna, na kijiji kizima kiliona moshi na hakikuuliza. Saa moja Eelis akaingia peke yake, akafunga mlango. Taa aliyoiweka dirishani ilizimika bila upepo, akabaki na wekundu wa jiko tu, akasikia ubao wa benchi la juu ukilia kama ubao unavyolia mtu mzito anapokaa, kisha ukalia tena kando yake kana kwamba huyo mtu anasogea kumpisha mwenzake, na harufu ya nywele zinazoungua ikamjaa puani, na upawa, ambao hakuushika, ukainuka kutoka kwenye ndoo ukamwaga maji juu ya mawe, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka joto likamshika kooni kama mkono na akapiga magoti sakafuni akitafuta hewa ya chini, na ndipo kutoka juu, kwa upole uleule, kwa kicheko kilekile cha chini alichokuwa akikipenda kuliko kitu chochote duniani, sauti ya Ilmo ikamwambia:

"Taja jina, Eelis."

"Ningeweza kukuambia ulimi uliteleza, Dada Martta," aliniambia. "Haukuteleza. Nilikuja nimekusudia kusema langu. Lilikuwa mdomoni. Kisha nikafikiria, vizuri kabisa, kama mtu anayechagua nta. Nikafikiria kilomita hamsini. Nikamfikiria Mama. Nikasema, Ilmo Sarkia."

Kile kitu kikashuka ngazi tatu, kikampita ubavuni, cha moto, kikatoka. Mlango haukufunguka.

Jumamosi mvuke ulikuwa mtamu, wala haukusema neno. Wale wakubwa sita walitoka wekundu, wanacheka, wakala soseji, wakampiga Eelis mgongoni juu ya alama za pembe, wakamtaja. Hilma alilia kwa furaha, au alisema ni furaha.

Jumatatu mwenye nyumba alimopanga Ilmo akapiga simu akimtafuta Eelis, nami nikaunganisha. Alikuwa mama mtu mzima, na meno yalikuwa yanagongana. Walivunja mlango, maana ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ilmo alikuwa kitandani. Dirisha limeganda barafu upande wa ndani, na yeye mwekundu mwili mzima, ameiva. Mgongoni kulikuwa na majani mabichi yamemnata, ya yale matawi tunayojichapia saunani. Ghorofa ya tatu, Helsinki, Januari. Polisi wakasema ni jiko. Gazeti lake mwenyewe, alilolitumikia miaka minane, lilimpa mistari mitano ukurasa wa ndani, chini ya matokeo ya mieleka.

Eelis alikwenda ugenini akamaliza wa thelathini na moja. Aliporudi alizipandisha skii darini, na tangu siku hiyo anaoga jikoni kwa beseni, mwanamume pekee katika parokia hii asiyeingia sauna. Lakini kila Jumamosi huiwasha yeye. Saa moja huweka ndoo, hufunga mlango, kisha hukaa nje kizingitini, kofia mkononi, anasikiliza.

Oktoba nilikwenda, nikajificha nyuma ya rundo la kuni. Nimeshasema mimi ni msikilizaji. Mawe yalichachatika ndani, na sauti ya Ilmo ikaanza, ya furaha, ya mtu aliye kazini:

"Kilomita ya thelathini na nane. Raatikainen amekaa nje. Amekonda, ndevu hazijanyolewa. Mwandishi wetu anamwona vizuri kabisa, na hambusu."

Eelis alikuwa anaitikia kwa kichwa. Alikuwa analia, na analia kama mtu anayestahili, bila kujifuta. Nilimchukia usiku ule. Kisha nikakumbuka vyombo vyangu vya masikioni, nikarudi nyumbani kimya.

Kila Jumamosi kilomita moja. Jumamosi iliyopita ilikuwa ya arobaini na tisa.

Leo Ijumaa mchana alikuja posta, amenyoa, shati jeupe, anapendeza kama zamani. Kwapani alikuwa na matawi mapya ya kujichapia. Akaomba namba ya nyumba ile ya Helsinki.

"Eelis, namba hiyo ilifutwa kitabuni tangu Mei."

"Unganisha tu, Dada Martta. Tafadhali."

Niliunganisha ili aone mwenyewe kwamba hakuna kitu. Ikalia mara mbili, ikapokelewa. Kulikuwa na sauti ya maji juu ya mawe ya moto.

"Huko theluji ikoje?" Eelis akauliza.

"Imeyeyuka yote," akajibu Ilmo.

"Nije Jumamosi?"

"Njoo. Tumekuwekea nafasi katikati."

Nilivivua vile vyombo. Wallahi nilivivua, nimechelewa mwaka mzima, nikavilaza mezani ili wapate ile dakika niliyowanyima. Kisha woga ukanishinda, nikachomoa waya ili nimwokoe. Eelis akatoka kibandani, akanishukuru, akaenda zake akipiga mluzi. Waya ulikuwa mkononi mwangu, unaning'inia, haujashika popote. Ubao ukachachatika, chumba kikanuka nywele zinazoungua, na sauti ile ya kupendeza ikasema:

"Kilomita ya mwisho ni kesho. Dada Martta amevua vyombo, na bado anasikiliza."