Waya wa Kinga Radi

Redio ilikuwa imezimwa, lakini sindano yake ilitikisika. Eliamini aliitazama huku lori likishuka kuelekea Lembeni mchana kweupe, akajiambia ni barabara mbovu. Mara kabini ikajaa harufu ya nywele zilizoungua.

Lori lilikuwa jipya, la miaka ile biashara ilipofunguliwa, na tajiri mwenye lori alitaka redio ya mawasiliano ya wati mia ili amsikie dereva wake popote. Waya mwembamba wa tundu la kuwashia sigara uliyeyuka siku ya kwanza. Fundi wa Same akasema redio ile inataka waya mnene wa shaba, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Madukani haukuwepo. Kwa kuogopa lori lisije likapewa dereva mwingine, Eliamini alipanda kijijini kwao Msangeni akaung'oa waya wa kinga radi ya kanisa.

Wiki ya pili radi ikamuua Veneranda, mwalimu wa kwaya, akiwa ameshika kamba ya kengele. Eliamini alitupa udongo kaburini pamoja na wengine, akafyata mdomo.

"Eliamini," redio iliyozimwa ikanong'ona sasa, kwa sauti ya Veneranda. "Moto wangu unakutosha?"

Akasimamisha lori, akakata waya kwa koleo, akang'oa betri na kuishusha barabarani, na bado sauti ile iliendelea kuimba wimbo waliomzikia Veneranda, taratibu, ikipanda kila alipoziba masikio.

Alirudisha betri lorini, akaenda kwa mganga, Bi Saada.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa mbali, unanuka maiti." Akashusha sauti. "Huyu hafukuzwi kwa ubani, mwanangu. Anadai haki. Rudisha ulichochukua, kisha useme mbele ya watu kuwa ni wewe."

Kurudisha aliweza. Kusema, hakuthubutu. Alingoja siku ya gulio, kijiji kitupu, akaegesha lori chini ya kanisa na kupanda paani na waya wake.

Hapo redio ikafunguka kwa nguvu zake zote, na sauti haikuwa ya Veneranda, ilikuwa yake mwenyewe: "Ni mimi Eliamini niliyeung'oa waya," ikarudia lorini, ikarudia kwenye redio za majumbani, ikarudia gulioni, mpaka watu wakaanza kupanda mlima kimya kimya, mama yake Veneranda akiwa mbele.

"Shuka, baba," mama akasema.

Eliamini alijaribu kuuachia waya. Vidole vilikataa kufunguka. Mbingu haikuwa na wingu hata moja, na nyuma ya mlima radi ikanguruma.