Kibati Nyuma ya Mashine Kubwa

Siku za maziwa ya Nyayo, yale ya bure yaliyogawiwa shuleni na serikali, hakuna mwanafunzi wa shule ya Yamumbi aliyehitaji kuambiwa saa. Ikikaribia saa nne, masikio yote yalikuwa kwenye kengele, maana aliyechelewa alipata pakiti iliyotoboka. Jeruto wa darasa la saba alikuwa hodari wa mambo mawili: hesabu, na kufika wa kwanza kwenye foleni hiyo. Wenzake walimwita Profesa, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali.

Jumanne moja ya mwaka 1989 alipewa kazi ya heshima. Jirani na shule palikuwa na kituo cha walimu, jengo la pekee pale lenye umeme wa kutegemewa. Zahanati, shule ya sekondari na chama cha wakulima walikuwa wamepata kompyuta moja moja, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na chumba cha kuziweka, waliamua kuzipanga pamoja kituoni, kwenye rafu moja ya chuma. Umeme wa rafu nzima ungepita kwenye waya mmoja wenye fyuzi yake. Fundi Nicanor ndiye aliyepewa kazi ya kukadiria umeme utakaohitajika. Akamwomba mwalimu wa sayansi wanafunzi wawili wamsaidie, nao wapate kujifunza.

"Kila mashine ina kibati nyuma, kimeandikwa inakula wati ngapi," aliwaeleza Jeruto na mwenzake Kinyanjui. "Someni, andikeni, jumlisheni. Mimi nitaongeza robo ya akiba, halafu nichague fyuzi."

Kompyuta tatu zilikuwa wati mia mbili kila moja. Mashine ya kuchapisha ilikuwa mia moja na hamsini. Ikabaki moja tu, ile kubwa ya chini, ya kutunza kumbukumbu za zile nyingine zote. Ilikuwa nzito kama kabati la sahani, na mgongo wake ulikuwa umeegemea ukuta.

"Si tuivute kidogo?" Kinyanjui alisema.

"Kengele iko karibu. Hii ni kompyuta kama zile, imenenepa tu." Jeruto akaandika mia mbili.

"Profesa, hiyo umeisoma wapi?"

Kengele ikalia. Jeruto alipiga jumla haraka, 950, akaipigia mistari miwili kwa rula, akampa fundi karatasi na kukimbia.

"Mwandiko safi namna hii," Nicanor alicheka. "Huyu mtoto atanifukuza kazi."

Akaongeza robo yake, akapata karibu wati 1200, akatia sahihi chini. Fyuzi ya ampea tano ilitosha kabisa kwa hesabu hiyo.

Ijumaa wageni walikuja mpaka kutoka Eldoret mjini na Kesses kuona rafu hiyo. Nanzala, muuguzi wa zahanati, alikuwa ameketi tangu asubuhi akiandika majina ya watoto wa chanjo kwenye kompyuta yake. Saa nane mashine nyingine zote ziliwashwa kwa pamoja ili wageni waone. Pakasikika mlio mdogo, na kila kioo kikawa cheusi.

Vidole vya Nanzala vilikuwa bado juu ya herufi. "Majina yangu," alisema. "Watoto mia na arobaini. Sikuwa nimeyahifadhi."

Nicanor alifungua sanduku la fyuzi na kukuta waya wa fyuzi umeyeyuka. Mzee Kipngetich, mwenyekiti wa kituo, alimsimamia kichwani mbele ya wageni wote.

"Fundi, hesabu si ulipiga wewe?"

"Niliitia sahihi, Mzee."

"Basi Jumatatu tunaita fundi mwingine kutoka mjini. Hii kazi imekushinda."

Karatasi yenye mwandiko wa Jeruto ilikuwa mfukoni mwa fundi, kona yake ikionekana. Hakuitoa. Jeruto alikuwa mlangoni pamoja na wanafunzi waliokuja kuwaimbia wageni, na uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Kinyanjui alimtazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Afadhali angemnyooshea kidole.

Nyumbani, mama yake Jeruto alimmiminia mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, lakini hayakunyweka.

"Nani amekukosea?" mama aliuliza.

"Hakuna," Jeruto alijibu. Ilikuwa kweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Jumapili kanisani, mke wa Nicanor aliketi benchi la mbele ya Jeruto. Nyuma, wanawake wawili walinong'ona kwamba huyo ndiye mke wa yule fundi aliyeunguza mashine. Mama huyo alisikia. Alivuta kitambaa chake kichwani na kuendelea kutazama mbele. Jeruto alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu alifika kituoni kabla ya kengele ya kwanza. Nicanor alikuwa akikusanya vifaa vyake mkobani. Mzee Kipngetich na Nanzala walisimama kando.

"Mzee," Jeruto alianza, "hesabu haikuwa ya fundi. Ile mashine kubwa sikuisoma. Nilikisia, halafu nikakimbilia maziwa."

"Maziwa?" Mzee aliuliza.

"Ndiyo, Mzee."

Neno lenyewe lilikuwa dogo mno, na udogo wake ndio uliomuaibisha zaidi. Machozi yakamtoka.

Wanaume wawili waliivuta mashine kutoka ukutani. Nicanor akamwambia Jeruto asome kibati kwa sauti. Kilikuwa kimeandikwa wati 1200. Jumla ya kweli ilikuwa 1950, na bila hata akiba, fyuzi ile isingeweza.

"Ulijua ni mtoto aliyeandika," Mzee Kipngetich alimwambia fundi. "Mbona ulinyamaza nikikusema?"

"Sahihi ni yangu, Mzee. Mimi pia sikutazama nyuma. Niliamini mwandiko."

"Nilikuaibisha mbele ya watu. Nitakuomba msamaha mbele ya hao hao." Kisha akaongeza, "Huo mkoba weka chini."

Nicanor alimgeukia Jeruto. "Sikia, mtoto wangu. Kukisia si kosa, kazi yangu nusu yake ni kukadiria. Kosa ni kukisia halafu kuandika kama mtu aliyesoma. Siku nyingine ukikisia, zungushia hiyo namba duara, mwenzako ajue mahali pa kurudi kutazama. Anayekuamini usimfiche shaka yako."

"Na mimi nina kadi mia na arobaini," Nanzala alisema. "Utanisomea majina, niandike upya."

Wiki nzima, saa nne ilipofika, Jeruto alisoma kadi. Kinyanjui alimletea maziwa yake, mara mbili pakiti ikiwa imetoboka, na Jeruto hakulalamika.

Wiki iliyofuata sekondari walileta mashine nyingine, kuukuu, kibati chake kimefutika. Jeruto aliigeuza pande zote, akaisugua kwa kitambaa, asione kitu. Aliandika 300, akaizungushia duara, na pembeni akaandika: nimekisia. Akampa Nicanor karatasi hiyo isiyo nadhifu.

Fundi aliisoma pole pole.

"Hii sasa naweza kuifanyia kazi," alisema, akachukua kipimo chake cha umeme na kwenda moja kwa moja kwenye ile mashine.