Kibodi Isiyochomekwa

Skrubu ya mwisho ilipofunguka, harufu ya udi ikatoka ndani ya kompyuta, na Nadim akajifanya hakuisikia. Ilikuwa kompyuta ya miaka ya themanini, ya kuunganishwa na televisheni. Aliinunua katika vitu vya bibi mmoja wa Kiunguja aliyefia Neasden, London, peke yake.

"Baba Lila, yule bibi alikuwa kiti cha jini, jini akimpanda kichwani," mkewe Shamsa alimwambia akivaa koti kwenda shift, Heathrow. "Jini aliyefiwa hutafuta kiti kingine. Na sisi tuna mtoto."

"Hii ni plastiki na waya tu, Mama Lila."

Sikio la kufa halisikii dawa. Shamsa akaenda zake.

"Hodi!" Jirani yao Wambui alikuwa mlangoni, karudisha sufuria.

"Come in!" Lila akajibu kutoka ngazini.

"Karibu," Nadim akamsahihisha. "Mtu akipiga hodi hujibiwa karibu. Nikwambie mara ngapi?"

"Okay, Baba."

Wambui alipoondoka, giza la saa kumi alasiri la majira ya baridi ya Hounslow lilishaingia sebuleni. Nadim akaandika programu fupi ya kujaribu kibodi: ukibonyeza kitufe, herufi yake itokee kwenye skrini. Vitufe vingine viligoma. Akachomoa utepe wa nyaya unaounganisha kibodi na kompyuta, akaipakata kibodi aisafishe.

Skrini ikaandika: HODI.

Akachomoa kinasa kaseti, akachomoa na kijiti cha michezo. HODI, ikaandika tena. Akachomoa umeme ukutani. Skrini haikuzimika.

Nadim aliogopa, lakini katikati ya hofu akakumbuka adabu aliyofunzwa na mama yake kule Tanga, kwamba hodi ni tatu tu na asiyejibiwa ya tatu hurudi alikotoka, basi akajiziba mdomo kwa kiganja huku vitufe vikishuka vyenyewe pale mapajani, kimoja kimoja, mpaka hodi ya tatu ikatimia, na hakuna aliyeijibu, na udi ukaanza kupungua.

"Karibu," Lila akasema nyuma yake.

Alikuwa ameisoma skrini, anatabasamu, anangoja asifiwe.

Televisheni ikazimika. Harufu ikampita Nadim shavuni, ikaelekea kwa mtoto.

"Lila?" akanong'ona. "Sema kitu, mwanangu. Sema hata kwa Kiingereza."

Lila akaketi taratibu, mkono kiunoni, kama mtu anayeumwa na mgongo.

"Starehe, mwanangu," akajibu kwa sauti ya kizee. "Usinyanyuke."