Kilichoitikia Kwenye Matete

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka kwenye mashamba ya chai ya Mogogosiek, na Kimeli bado alikuwa anang'ang'ana na simu yake. Sally, mkewe, alimtazama huku damu ikimchemka. Tangu asubuhi walikuwa wakizunguka na wenzao wa kikundi cha kutazama ndege, na kila kinamasi walichofikia, Kimeli alifanya ujinga uleule: kufungulia kwenye simu mlio wa ndege uliorekodiwa, ili ndege mwenyewe ajitokeze apigwe picha.

Hapa palikuwa na korongo wawili, wanalalia mayai.

"Zima hiyo kitu, Kimeli! Utatoa huyo mama kwa mayai!"

"Dakika moja tu, Mama Chela. Hii picha lazima nipate."

Dakika moja! Tangu harusi hajawahi kumsikiliza hata siku moja, na leo anamdharau mbele ya watu. Akabonyeza tena. Mlio wa korongo ukavuka maji.

Kimya...

Kisha matete yakaitikia. Mlio uleule. Na mwishoni, kikohozi kidogo cha mtu.

Seth, karani wa kiwanda cha chai, akashusha darubini. "Hiyo kukohoa... si iko kwa rekodi yako?" akanong'ona.

Kilikuwemo kweli. Aliyerekodi alikohoa. Vyura wakanyamaza wote kwa pamoja, na ikaja harufu ya kuku aliyemwagiwa maji moto anyonyolewe.

Kimeli akacheka, akaingia majini na viatu vyake vya mvua. Ukungu ukamfunika.

"Kimeli! Rudi hapa saa hii! Nimechoka na wewe!" Sally alifoka kwa hasira ya miaka yote ile.



Matete ndiyo yaliyojibu.

"Kimeli! Rudi hapa saa hii! Nimechoka na wewe!"

Sauti yake. Hasira yake, mpaka ule mkwaruzo wa kooni. Ilitoka ng'ambo, kwenye maji ya kina. Seth akamgeukia Sally, akamtazama mdomo. Ulikuwa umefungwa.

Ndani ya ukungu Kimeli akasema, kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuusikia, "Sawa, Mama Chela. Usikasirike. Nakuja."

Chubwi... chubwi... Hatua zilikuwa zinakwenda mbali.

Sally akaogopa kufoka tena, asije akakipa kile kitu maneno mengine. Akaita polepole, machozi yakimtoka, "Baba Chela, niko huku. Tafadhali, mpenzi wangu, rudi."

Hatua zikasimama.

"Wewe ni nani?" Kimeli akauliza. "Bibi yangu haongeangi hivyo."

Kule kwenye kina, yule mwingine akaanza kumkaripia upya kwa sauti ya Sally, kwa maneno ambayo Sally hakuwa ameyasema siku hiyo, na Kimeli akaharakisha kumfuata.